Gofu na Magofu

 

Juzi nilikuwa stendi ya Tukuyu, huku kwetu Rungwe, nikingoja mvua. Wenyeji mnajua kwamba mvua ya Tukuyu haingojwi ikatike, inangojwa ipunguze. Kijana mmoja wa bodaboda akajibanza nami chini ya kibaraza, akanisogezea simu yake. "Shikamoo mwalimu. Hebu tazama hii." Ilikuwa picha ya majani mabichi yaliyopindapinda kama shuka lililotandikwa juu ya magunia, nyuma yake maji ya bahari, na katikati ya majani yale kuta za zege, nene, ndefu, hazina paa. "Wanasema hapa palikuwa machimbo ya kokoto," akaniambia. "Sasa ni gofu."

Mzee mmoja aliyekuwa amejikunyata pembeni na mwavuli wake akadakia bila hata kuitazama picha: "Sasa kuna jipya gani? Ukishachimba kokoto ukaondoka, unachoacha ni gofu."

Tulicheka mpaka mama wa karanga akageuka. Lakini nilipofika nyumbani nikaona mzee yule ametuzidi wote. Kiswahili kilikuwa na gofu lake kabla mchezo wa Waskoti haujafika huku. Gofu ni jengo lililobaki kuta, wingi wake magofu, kama yale ya Kilwa Kisiwani. Halafu Waingereza wakaja na fimbo zao na kijipira chao, nasi tukaupa mchezo wao jina lilelile. Kwa hiyo leo mtu akikwambia, "Pale pamejengwa gofu," itabidi umuulize anamaanisha lipi. Na katika picha ya yule kijana yamo yote mawili, moja limekaa juu ya jingine.

Pale mahali panaitwa Chambers Bay, katika jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani. Kwa takriban miaka 100 watu walichimba mchanga na kokoto pale ufukweni, vikapakiwa kwenye meli, vikaenda kujenga miji. Kuta zile za zege ndimo walimokuwa wakitenganishia kokoto kubwa na ndogo. Mwaka 1992 serikali ya mitaa, wao huiita kaunti ya Pierce, ikanunua eneo hilo. Mwaka 2007 ikafungua uwanja wa gofu wa mashimo 18 uliochorwa na Robert Trent Jones wa Pili. Kuta hawakuzibomoa. Miaka minane baadaye, mwaka 2015, yakafanyika hapo mashindano makubwa ya US Open, akashinda kijana wa miaka 21, Jordan Spieth.

Sasa sikiliza jambo lililonivutia kuliko huyo Spieth na kombe lake. Uwanja ule ni mali ya kaunti. Mkazi wa hapo analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Na ipo njia ya watembea kwa miguu inayopita ndani ya eneo lile, ambayo mama na mtoto wake, au mzee na mbwa wake, wanapita bila kulipa chochote na bila kushika fimbo. Ndiyo maana wanathubutu kuuita uwanja wa umma. Usidhani kila kitu kilikwenda sawa. Majani waliyopanda kuzunguka mashimo yaliwashinda. Wachezaji wa mwaka 2015 walilalamika kwamba kijipira kinarukaruka, na Henrik Stenson wa Sweden akafananisha kucheza pale na kusukuma mpira juu ya mboga ya brokoli. Baadaye ikabidi majani yang'olewe, ipandwe aina nyingine. Ardhi iliyokwisha kuchimbwa haikubali kila mgeni.

Nataka nikae kidogo kwenye hili la ardhi, kwa sababu hapo ndipo ninapoona sisi Afrika Mashariki tuliupokea mchezo huu kichwa chini miguu juu.

Gofu ilizaliwa Scotland kwenye ardhi mbaya. Kati ya bahari na mashamba kulikuwa na ukanda wa mchanga, vilima vidogo na nyasi fupi, upepo mtupu. Shayiri haioti, viazi havioti. Watu wa mji wakaenda kucheza huko kwa kuwa mkulima hakuwa na haja nako. Pale St Andrews, hati ya askofu mkuu ya mwaka 1552 ilitambua kwamba wananchi wa mji wana haki ya kucheza gofu na kabumbu kwenye ukanda huo. Mpaka leo ule uwanja mkongwe kuliko yote ni wa umma, na Jumapili mchezo husimama, watu wakatembea juu yake kama wanavyotembea ufukweni. Ndiyo asili yenyewe, ardhi isiyolimika na lango lisilofungwa.

Njoo kwetu sasa. Waingereza waliutoa mchezo kwenye ardhi mbaya wakaupandisha kwenye ardhi nzuri, na lango wakalifunga. Klabu za Gymkhana za Dar es Salaam na kwingineko zilikuwa za Wazungu, na Mwafrika aliyekanyaga majani yale alikuwa amebeba mfuko wa mtu mwingine. Tazama pia viwanja vyenyewe vilipo. Mufindi, kwenye chai. TPC kule Moshi, kwenye miwa. Kili Golf karibu na Usa River, palipokuwa shamba la kahawa. Vipingo, pwani ya Kenya, palipokuwa mkonge. Mwadui walikuwa na uwanja wao mgodini, lakini huo ulikuwa wa wakubwa wa almasi kujiliwaza, haukuwa wa kuponya shimo. Sisemi viwanja hivyo vifungwe. Vimetutolea wachezaji, akina Madina Iddi wamelibeba jina la nchi nje ya mipaka, na wapo waliojifunza mchezo wakiwa wabeba mifuko tu. Nasema mchezo uliozaliwa kwenye mchanga mtupu ulihamishiwa kwenye udongo ambao mtu mwingine angepandia chakula.

Nikimkuta mtu anataka kufyeka migomba ya Rungwe aweke gofu, nitasimama barabarani na fimbo ya kweli. Akiniambia anataka kuweka kwenye shimo la kifusi lililoachwa, nitavuta kiti nimsikilize.

Shimo kama hilo linaponaje? Kwa hili sina haja ya kwenda Marekani tena. Twende Mombasa.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kuzalisha mwaka 1954. Saruji pale hutokana na mawe ya matumbawe ya kale, kwa hiyo walichimba, wakachimba, mpaka wakabakiza sakafu nyeupe ya mawe, jua linagonga chini linarudi usoni, na maji ya chumvichumvi yako nusu mita tu chini ya unyayo. Hakuna udongo hata wa kujaza kopo. Mwaka 1971 bwana mmoja Mswisi, René Haller, mtaalamu wa kilimo ambaye kazi yake ya mwanzo kiwandani ilikuwa kulima mboga na matunda ya wafanyakazi, akaambiwa aone kama mahali pale panaweza kufanywa lolote.

Alitoboa mashimo kwenye mwamba, akapanda miche ya aina 26. Baada ya miezi sita aina 23 zilikuwa zimekufa. Zilibaki tatu, mnazi, mdamasi na mvinje. Akaushika mvinje, ule mti wa pwani wenye majani kama nywele unaovuma kama unanong'ona. Mvinje una rafiki mizizini, kijidudu kinachoutengenezea chakula kutoka hewani, ndiyo maana unaweza kusimama mahali ambapo hapana udongo. Miti ikarefuka, kivuli kikaja, watu wakafurahi.

Kisha kazi ikakwama. Majani makavu ya mvinje yalianguka yakalala pale pale. Hayaozi. Yana ukali fulani ndani yake ambao vijidudu vya kuozesha havikuupenda. Basi ukawa na msitu uliosimama juu ya zulia la majani makavu na mwamba, udongo bado hakuna.

Aliyeukwamua ni jongoo.

Sitanii. Haller aliona majongoo wakubwa wenye miguu myekundu wakiyatafuna yale majani makavu bila wasiwasi. Akaagiza majongoo wakusanywe kwa mamia, wakamwagwa machimboni. Wakala, wakanya, na kinyesi chao ndicho kikawa udongo wa kwanza wa Bamburi. Mvua ikanyesha, uyoga ukaota, mbegu za miti mingine zikapata pa kushika, ndege wakaleta nyingine. Yakachimbwa mabwawa, wakafugwa perege. Wakaletwa viboko, twiga, kobe. Mwaka 1984 pakafunguliwa kwa watu wote, na sasa panaitwa Haller Park. Wengi wenu mlipajua kupitia habari ya Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini Desemba 2004, akajibandika kwa kobe mzee aliyeitwa Mzee mpaka dunia nzima ikawapiga picha. Watoto walikuja kumtazama Owen. Mimi ningekwenda kuwatazama majongoo.

Wahenga wetu wana usemi wa kumtupa jongoo na mti wake, yaani kitu kikikuchukiza, kitupe chote pamoja na kilichokigusa. Hivyo ndivyo tunavyofanya na machimbo. Tukishapata kokoto yetu, tunatupa shimo na kila kilichokuwa shimoni. Kule Bamburi mtu aliinama akamrudisha jongoo mmoja mmoja.

Na tazama, Haller hakujenga gofu. Nyali pale jirani tayari ipo klabu ya gofu. Angeweza, maana kwa kampuni ya saruji wakati ule gofu lingekuwa jambo la heshima. Alichagua msitu, samaki na nguzo za mvinje za kuuza. Mtu wa Kisauni asiyejua fimbo ya gofu inashikwaje, anaweza kulipa kiingilio chake akaingia. Kwangu mimi kipimo cha umma kiko hapo langoni. Je, mchimba kokoto mwenyewe, yule aliyevunja yale mawe kwa nyundo, anaweza kurudi siku ya mapumziko na watoto wake?

Turudi Rungwe. Sisi hatuna machimbo ya kuitwa Chambers Bay. Viwanda vyetu ni vya chai, kama hapo Katumba, na ile gesi inayotoka ardhini kule Ikama, chini ya Mlima Kyejo, ambayo inakwenda kuzifanya soda zitoe povu. Makaa ya mawe ya Kiwira, pamoja na jina lake, mgodi wake uko Ileje kuelekea Kyela. Ulifunguliwa mwaka 1988 kwa msaada wa Wachina, na historia yake ya kufungwa na kufunguliwa inahitaji kipindi chake peke yake. Tulicho nacho sisi ni mashimo madogo madogo. Ukitoka Mbeya kuja huku mpaka ukashuka Kasumulu, hesabu kushoto na kulia. Hapa kifusi kilichukuliwa cha barabara, pale kokoto, pale udongo wa matofali ya kuchoma. Kila tofali la nyumba yako, msikilizaji, limeacha pengo lake mahali.

Karibu na kwetu liko moja. Kampuni iliyokuwa ikitengeneza barabara ilichota kifusi hapo msimu mmoja wa kiangazi, ikaahidi kusawazisha, ikahama na mitambo yake usiku mmoja kama mpangaji mwenye deni. Mvua za masika zikalijaza maji. Kwa wiki chache tuliliita bwawa, tukajivunia. Kisha mbu wakaja, kisha mbuzi wa jirani akazama, kisha mama mmoja akaanza kutembea kila jioni kuwahesabu watoto. Aliyeondoka haonekani, na kila ofisi uliyoiendea ilikuelekeza nyingine.

Wakati sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo, Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ipo, zinazungumzia kurudisha ardhi katika hali njema na kuweka dhamana ya kazi hiyo. Kwa migodi mikubwa tumeona matokeo. Mgodi wa Golden Pride kule Lusu, Nzega, ulipofika mwisho wake mwaka 2014, haukuachwa uwe pango. Eneo lilikarabatiwa, likakabidhiwa kwa ajili ya mafunzo ya Chuo cha Madini. Buzwagi kule Kahama pametangazwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi. Mgodi mkubwa una mlango unaoweza kugongwa. Shimo la kifusi lina alama za matairi tu.

Basi yule kijana wa bodaboda aliponiuliza, "Mwalimu, na sisi hatuwezi?" sikumjibu pale pale. Nilikwenda kupiga hesabu. Uwanja wa gofu wa mashimo 18 unahitaji hekta 50 mpaka 70. Tuchukue 60, ni kama ekari 150. Kiwanja cha mpira wa miguu hakifikii hata hekta moja. Ndani ya gofu moja unaingiza viwanja vya mpira zaidi ya 80! Wewe mwenye nusu ekari ya migomba, parachichi tatu na ng'ombe mmoja wa maziwa bandani, hebu jaribu kuzifikiria ekari 150 za majani yaliyokatwa vizuri, ambayo ng'ombe wako haruhusiwi kuyanusa. Huku kwetu majani ni maziwa. Mtu anatembea kilomita kutafuta mzigo mmoja wa mabingobingo. Ukimwonyesha mwanamke wa Rungwe uwanja wa gofu, swali lake la kwanza litakuwa nani anayakata na anayapeleka wapi.

Kwa hiyo gofu zima hapana. Haliingii, hata tukiyaunganisha mashimo yetu yote kwa kamba. Lakini kinachofanya shimo lipone si gofu, na katika hilo Rungwe tumebahatika kuliko Bamburi na kuliko hao Wamarekani. Haller alitafuta udongo miaka na miaka, sisi tunapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka juu ya udongo wa volkano. Mlima Kyejo ulitapika mara ya mwisho yapata miaka 200 iliyopita. Uji wa moto ulishuka kilomita kadhaa, ukaunguza kila kilichokuwa njiani, ukaganda kuwa mwamba mweusi.  Sehemu kubwa ya huku tunakolima ilikuwa moto, kisha mwamba, kisha kuvumwani, kisha kichaka, kisha mgomba wa bibi yako. Hapakuwa na mhandisi wala mfadhili.

Adui yetu ni mteremko. Shimo la Rungwe ukiliacha wazi, mvua hiyo hiyo inayootesha itabomoa kingo zake, itaukokota udongo mpaka mtoni, na mwakani shimo litakuwa limesogea mita mbili kuelekea shamba la mtu. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kulaza kingo zisiwe wima, na kuurudisha juu ule udongo mweusi ambao wachimbaji huuondoa mwanzo na kuutupa pembeni. Huo ndio wenye uhai. Mkandarasi akiuweka kando vizuri akaurudisha siku ya kuondoka, huna haja ya kwenda kununua majongoo. Kisha pandeni kitu chenye mizizi. Pakikaa sawa katikati, wekeni magoli mawili, vijana wacheze. Hiyo ndiyo gofu yetu, hekta moja kasorobo, na hakuna kadi ya uanachama.

Haya yote yaandikwe kabla katapila halijashuka kwenye lori. Mkutano wa kijiji ukiletewa muhtasari wa kutoa eneo la kifusi, watu huuliza mara moja tu, "Tutalipwa shilingi ngapi?" Sijawahi kusikia mtu akinyoosha mkono kuuliza udongo mweusi utawekwa upande gani.

Jumapili nilipita pale kwenye shimo letu. Maji yamepungua. Upande wa juu, kwenye kingo zile zile tulizokuwa tukizilalamikia, mtu amepanda mabingobingo mistari minne, yameshika vizuri, yameshafika kifuani. Nikamkuta mwenyewe, mama wa makamo, amepiga magoti anakata.

"Ugonile, mama," nikamsalimu. "Nani amekupa eneo?"

"Nani ananinyima?" akasema bila kuinua kichwa.

Nikamweleza habari ya wale Wamarekani, machimbo yao, majani yao, watu wanavyosafiri kwa ndege kwenda kupiga kijipira pale. Alinisikiliza vizuri, mkono haukusimama. Akauliza kama mchezo huo unachezwa na mvua ikinyesha. Nikamwambia mvua ndogo wanacheza, radi ikipiga wanakimbia.

"Na ng'ombe wao wanakula wapi?"

Nikasema sidhani kama wana ng'ombe. Akanitazama kwa huruma kidogo, akafunga mzigo wake kwa kamba ya mgomba, akaniomba nimtwishe. Nikamtwisha.